Gari likigoma kuwaka, washa taa kwanza

Juzi langu liligoma Mikindani baada ya kulala siku nne karibu na bahari. Fundi akanionyesha njia hii kabla hata ya kufungua boneti. Washa taa kubwa, mwenzio apige stata, wewe tazama mwanga ukutani. Ukififia sana au kuzimika, umeme hautoshi: betri imechoka, au teminali (vichwa vya betri vinapofungwa nyaya) zimeota ule unga mweupe wenye ukijani (huku Mtwara upepo wa chumvi hauna huruma). Zangu ndivyo zilivyokuwa. Tukafungua waya wa hasi (–) kwanza, tukasugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya moto, tukakausha, tukakaza, likawaka. Mwanga usipobadilika na unasikia "ta!" moja, au kimya kabisa, shuku stata yenyewe (mota inayozungusha injini) na nyaya zake; la otomatiki hakikisha kwanza gia iko P. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, achana na betri, angalia mafuta na plagi. Njia hii hudanganya kwa taa za LED, maana hazififii upesi, na kwa magari yanayojizimia taa ukipiga stata. Hapo tazama taa ya ndani, kama balbu yake ni ya kawaida.