Kutambua chubwi la risasi la kusokotea nyuzi

Mashamba ya Uingereza yakishalimwa, wenye mashine za kutafutia metali huokota vidonge vya risasi (metali, si ya bunduki) vyenye tundu. Vingi ni machubwi ya zama za kati: msokotaji alilichomeka kwenye kijiti, akakizungusha kikining'inia, na uzito ukakifanya kiendelee kuzunguka huku manyoya ya kondoo yakigeuka uzi.

1. Usikwangue. Ule ukoko wa kijivu ukitoka, nakshi huondoka nao. Suuza kwa maji, kisha nawa mikono. Risasi ni sumu.

2. Anza na tundu, usikimbilie nakshi. La kusokotea liko katikati, na mara nyingi upande mmoja ni mpana kidogo kwa sababu kijiti chenyewe kilichongwa kikipungua. Chomeka penseli, zungusha mezani. Likiyumba kama mlevi, litilie shaka. Chubwi la mvuvi halijali katikati ni wapi, lenyewe linataka kuzama tu.

3. Pima gramu. Jepesi lilifaa uzi mwembamba, zito uzi mnene.

4. Sasa nakshi: vidoto, miale, pembetatu. Zimeinuka kwa kuwa fundi alizichimba kwenye kalibu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi, moto wa kuni unatosha, hata asiye stadi aliweza kulimimina, basi usishangae miale iliyokwenda kombo. Mimi hizo ndizo nazipenda.

5. Andika mahali hasa ulipoliokota, upeleke taarifa Portable Antiquities Scheme, mpango unaorekodi vitu vya namna hii Uingereza na Wales tangu 1997.

Maswali

Mwalimu, langu lina mistari kama herufi. Nifanyeje?
Lipige picha mwanga ukitokea ubavuni. Kwa kawaida ni pambo tu, ila lile la Saltfleetby, Lincolnshire, lililookotwa 2010, lina maandishi ya runi, herufi za kale za Ulaya kaskazini, yanayowataja Odin na Heimdallr, miungu ya kale ya Skandinavia.

Nakshi itanipa karne?
Kwa tabu, ndugu yangu. Machubwi ya risasi yalitumika tangu enzi za Warumi, na jembe limeshavuruga tabaka za udongo. Hata gurudumu la kusokotea lilipoingia Ulaya, yapata karne ya 13, kijiti hakikuachwa.

Na kwetu pwani je?
Kilwa walisokota pamba, dada. Machubwi yao mengi ni vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikachongwa mviringo na kutobolewa.