Jinsi ya kuweka makala yako wazi bila kulipa ada ya jarida

Nimetoka kumsaidia mwanafunzi wa uzamivu ambaye makala yake imetoka kwenye jarida la kulipia, na hata wenzake wa darasani hawawezi kuifungua. Alidhani dawa ni kulipa ada ya uchapishaji huria, na ada hizo zinatisha: jarida la Nature lilipoanzisha ya kwake mwaka 2021 ilikuwa euro 9,500. Lakini majarida mengi yanamruhusu mwandishi kuweka nakala yake kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kutoa senti. Hizi ndizo hatua tulizofuata.

Hatua ya 1: Namba ya ORCID

Hii ni namba ya kudumu inayomtambulisha mtafiti. Jisajili, ni bure. Endelea.

Hatua ya 2: Soma sera ya jarida

Nenda Open Policy Finder, huduma ya Jisc, shirika la Uingereza, ambayo wakongwe bado wanaiita Sherpa Romeo. Tafuta kwa ISSN, yaani namba ya utambulisho ya jarida, usitafute kwa jina, maana majarida yenye majina yanayofanana ni mengi mno. Utaona masharti ya nakala za aina tatu: iliyowasilishwa, iliyokubaliwa na iliyochapishwa. Soma yale ya iliyokubaliwa. Kisha fungua mkataba uliotia saini uone kama unasema hivyo hivyo. Mkataba ukitofautiana na tovuti, mwandikie mhariri umuulize.

Hatua ya 3: Tafuta muswada uliokubaliwa

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Muswada uliokubaliwa ni faili lako la mwisho baada ya kufanya marekebisho ya wapitiaji, kabla mchapishaji hajaligusa. Maudhui ni yale yale ya makala iliyotoka, ila halina nembo ya jarida wala namba za kurasa zake. Prufu sio muswada uliokubaliwa. Ndiyo, uliisahihisha wewe mwenyewe usiku kucha, lakini imeshapangwa na mchapishaji, na ukiipakia unaweza kuambiwa uiondoe.

Sasa fungua kompyuta yako. Kama wewe ni kama huyu mwenzangu, utakuta "makala_mwisho", "makala_mwisho2" na "makala_mwisho_kabisa". Usibahatishe kwa majina. Tafuta barua pepe ya mhariri inayosema makala imekubaliwa, tazama tarehe, kisha chukua faili lililotumwa mwisho kabla ya tarehe hiyo. Kama mhariri aliikubali kwa sharti la marekebisho madogo, faili unalotaka ni lile la baada ya hayo marekebisho. Na kama aliyewasilisha ni mwandishi mwenza, ni yeye mwenye akaunti kwenye mfumo wa jarida, mwombe alipakue.

Mfumo wa jarida mara nyingi utakupa PDF yenye namba za mistari pembeni na picha zote zimerundikwa mwishoni. Mimi siitumii hiyo. Narudi kwenye faili la Word, nakubali mabadiliko yote, nafuta maoni ya pembeni, narudisha picha mahali pake, na nahakikisha majibu kwa wapitiaji hayajabaki humo. Wa LaTeX mna raha: ondoa amri ya namba za mistari, tengeneza PDF upya. Kama kuna picha uliyoazima kwa ruhusa, isome tena barua ya ruhusa, kwa sababu huenda ilihusu jarida peke yake.

Kwenye ukurasa wa kwanza andika kwamba huu ni muswada uliokubaliwa, taja jarida, weka kiungo cha DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) cha makala iliyochapishwa.

Hatua ya 4: Pakia

Kama chuo chako kina hifadhi inayofanya kazi, anza nayo. Kama hakina, au iko chini kila ukiifungua, tumia Zenodo, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2013 na inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia. Usiishie ResearchGate. Ule ni mtandao wa kijamii wa kampuni, na wachapishaji wengi wana masharti tofauti kwa mitandao ya namna hiyo. Mwaka 2017 wachapishaji Elsevier na American Chemical Society waliishtaki ResearchGate mahakamani nchini Ujerumani kwa ajili ya makala zilizopakiwa humo.

Angalia leseni kabla ya kubofya kitufe cha kuchapisha. Zenodo inakuwekea CC BY yenyewe, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia kazi akikutaja, ilhali Elsevier, kwa mfano, inataka muswada uliokubaliwa uwe na CC BY-NC-ND, isiyoruhusu biashara wala kusambaza toleo lililobadilishwa. Ibadilishe kwa mkono.

Kama jarida lina kipindi cha zuio, yaani muda ambao nakala yako hairuhusiwi kuwa wazi, tuseme miezi 12, weka faili likiwa limefungwa na uandike tarehe ya kufunguka. Kwa kawaida miezi huhesabiwa tangu makala ilipochapishwa, sio ilipokubaliwa. Waliofadhiliwa na NIH, taasisi za utafiti wa afya za serikali ya Marekani, wana kanuni yao: makala iliyokubaliwa kuanzia 1 Julai 2025 inapaswa kuwa wazi kwenye hifadhi ya PubMed Central siku ile ile inapochapishwa rasmi, na hapo Zenodo peke yake haitoshi.

Hatua ya 5: Hakikisha inaonekana

Weka kwenye kivinjari kiongezi cha Unpaywall, kinachotafuta nakala za makala zilizo wazi, kisha baada ya muda fungua ukurasa wa makala kwenye tovuti ya jarida. Kufuli la kijani likitokea, libofye uone linakupeleka wapi. Lisipotokea, linganisha kichwa cha habari na majina ya waandishi herufi kwa herufi. Mwenzangu alikuwa amefupisha kichwa, na tulipokirudisha kilivyo kwenye jarida tulisubiri tu.