Somo: Namna ya kuchagua injini ya kuunda kwa ajili ya Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970

Wanachama wenzangu,

Barua nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, niunde injini gani nipate nguvu za farasi 500?" Swali hilo si baya, ila limeanzia mwisho. Katika somo hili nitaeleza mpangilio ninaoufuata mwenyewe kila ninapomsaidia mtu kuchagua injini ya gari la Kimarekani la miaka ya 60 na 70, na nitatumia gari moja tu kama mfano, nalo ni Chevrolet Chevelle Malibu ya mwaka 1970.

Malibu ya V8 ya kawaida mwaka huo ilitoka kiwandani na injini ya inchi za ujazo 307, iliyoandikiwa nguvu za farasi 200. Ndugu yake, Chevelle SS (toleo la kasi, Super Sport), aliweza kuagizwa na injini ya 454 iitwayo LS6, iliyoandikiwa farasi 450. Msomaji azingatie kwamba hizo ni namba za zamani: injini ilipimwa ikiwa juu ya benchi, bila mzigo wa vifaa vyake wala ekzosi ya gari. Kuanzia magari ya mwaka 1972 viwanda vya Marekani vilianza kutangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote, na ndiyo maana namba zilishuka ghafla hata pale ambapo injini haikubadilika sana. Asiyelijua hili hulinganisha injini ya 1970 na ya 2005 akaishia kuchagua vibaya.

Hatua ya kwanza: andika gari litatumikaje

Chukua karatasi, uandike kwa ukweli. Je, litakwenda kazini siku za wiki? Litasimama kwenye foleni wakati wa joto, likiwa na kiyoyozi? Litapelekwa kwenye mashindano ya robo maili mara ngapi kwa mwaka? Mtu akisema "mara kwa mara", nami namuuliza mwaka jana alikwenda mara ngapi, jibu huwa ni mara moja au sufuri. Kupanga ni kuchagua, na injini ya mashindano katika gari la sokoni ni adhabu kwa mwenye gari.

Hatua ya pili: anza na giaboksi na difu

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikuwa wa kwanza. Malibu yangu ya mwanzo ilikuwa na giaboksi otomatiki ya gia mbili, ile Powerglide, na difu yenye uwiano wa 2.73. Nikaunda injini ya 350 yenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kali, iliyoanza kuamka kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Gari likanguruma vizuri sana likiwa limesimama, lakini taa zikiwaka kijani lilijikokota kama lori la mchanga, na breki zikawa ngumu kwa sababu injini haikutoa mvuto wa hewa wa kutosha kwenye buster, kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki. Injini haikuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni maelewano kati yake na vilivyo nyuma yake.

Piga hesabu hii kabla ya kununua chochote: zidisha mwendo kwa maili kwa saa, mara uwiano wa difu, mara 336, kisha gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Kwa maili 70 kwa saa na tairi la inchi 26, difu ya 2.73 huzungusha injini mara 2,470 hivi kwa dakika, ya 3.08 mara 2,790, ya 4.10 mara 3,700. Hesabu hiyo ni ya gia ya juu isiyo na ovadraivu (gia inayopunguza mizunguko ya injini barabarani), na toki konveta ya otomatiki, yaani kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, huongeza kidogo kwa sababu huteleza. Ukishaijua mizunguko ambayo injini yako itaishi humo, umeshapunguza nusu ya machaguo.

Hatua ya tatu: chagua familia ya injini

Kwa Chevelle kuna familia tatu za maana.

Ya kwanza ni bloku ndogo ya Chevrolet, iliyozaliwa mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, ikakua hadi 283, 327, 350 na 400. Ile ya 350, yaani lita 5.7, ilianza mwaka 1967 katika Camaro na ikaendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, kwa hiyo spea zake ni nyingi na za bei nafuu kuliko za injini nyingine yoyote ya V8 ninayoifahamu.

Ya pili ni bloku kubwa: 396, 427 na 454. (Kichekesho ni kwamba injini iliyouzwa kwa jina la 396 mwaka 1970 ilikuwa na inchi 402 hasa, jina lilibaki kwa sababu lilikuwa linauza.) Inaingia katika Chevelle bila ubishi, kwa kuwa kiwanda chenyewe kiliiweka humo. Lakini ina uzito wa takriban kilo 50 zaidi ya bloku ndogo, zote zikiwa juu ya magurudumu ya mbele, na utalazimika kubadili springi na kuweka rejeta kubwa. Karibu kila kipande chake ni ghali zaidi. Anayeitaka kwa sababu anaipenda, aichukue. Mapenzi hayana hesabu. Anayeitaka kwa sababu anadhani hakuna njia nyingine ya kupata nguvu, asome kwanza hatua ya tano.

Ya tatu ni injini za kizazi cha LS, zilizoanza na Corvette ya 1997. Ile ya lita 5.3 kutoka katika pikapu za kuanzia 1999 ndiyo inayopatikana kwa urahisi kwenye yadi za magari yaliyokufa, na aina yake ya LM7 ilitoa farasi 270 hadi 295 kutegemea mwaka, kwa kipimo kipya. Ni injini bora kuliko zote tatu kwa matumizi ya kila siku. Hata hivyo bei ya injini yenyewe ni mwanzo tu: kuna vipande vya kuifungia kwenye fremu, sampu (bakuli la oili) isiyogonga chuma cha chini, waya na kompyuta, ekzosi, pamoja na pampu ya petroli ya tangini inayotoa shinikizo la 58 psi, ambalo pampu ya kabureta haiwezi hata kulikaribia. Piga hesabu ya vitu hivyo vyote kabla ya kushangilia injini ya bei rahisi.

Kwa mtu mwenye Malibu ya kutembelea, giaboksi ya gia tatu na difu ya 3.08 hadi 3.55, jibu langu mara tisa kati ya kumi ni 350. Hatua zinazofuata zinaichukulia hiyo.

Hatua ya nne: kagua bloku kabla ya kulipa

Tafuta namba ya kalibu (iliyotupwa pamoja na chuma cha bloku) iliyo nyuma ya bloku, upande wa dereva, pale inapokutana na giaboksi. Namba 3970010 ni maarufu, na wauzaji huitaja kana kwamba ni hati ya dhahabu, lakini ilitumika kwa bloku zenye boliti mbili na zenye boliti nne kwenye beringi kuu. Huwezi kujua mpaka sampu ishuke. Boliti mbili zinatosha kabisa kwa injini ya barabarani ya farasi 350 au 400, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya nne.

Tazama pia sili ya nyuma ya krankshafti. Bloku za hadi 1985 zina sili ya vipande viwili; kuanzia 1986 ni ya kipande kimoja, na nafasi za boliti za kufungia flaiwili zikabadilika, hivyo flaiwili ya zamani haikai. Kwa upande mwingine, bloku nyingi za kuanzia 1987 zinakubali tapeti za rola (visukuma-valvu vyenye gurudumu dogo linalotembea juu ya kamshafti), ambazo kwangu mimi ni faida kubwa. Hakikisha tu kama bloku hiyo ina nafasi ya pampu ya petroli ya kuendeshwa na kamshafti, kwani nyingi hazina, na utahitaji pampu ya umeme.

Mwisho, ipeleke kwa wachonga vyuma ipimwe nyufa na upana wa silinda kabla hujanunua pistoni. Kupanua silinda kwa inchi 0.030 ni kawaida. Zaidi ya hapo, dai unene wa kuta upimwe kwanza.

Hatua ya tano: hedi na uwiano wa mgandamizo

Nguvu ya V8 iko kwenye hedi, mahali hewa inapopita. Hedi za Vortec za 350 ya pikapu za 1996 hadi 2000 ni za chuma, hazina fahari yoyote, na zinazishinda hedi nyingi za miaka ya 70. Zina masharti yake: manifodi yake ni ya boliti nane, si kumi na mbili, na springi zake za kiwandani hazitaki kamshafti inayoinua valvu zaidi ya inchi 0.470 hivi. Zikague nyufa kati ya viti vya valvu.

Sasa hesabu ya uwiano wa mgandamizo, yaani ujazo wote wa silinda pistoni ikiwa chini ukigawanywa kwa ujazo unaobaki ikiwa juu. Silinda ya inchi 4.030 yenye mwendo wa pistoni wa inchi 3.48 ina ujazo wa sentimita za ujazo 727. Chemba ya hedi ni 64, gasketi 8.4, nafasi ya pistoni iliyobaki inchi 0.025 chini ya uso wa bloku ni 5.2, na mikato ya valvu juu ya pistoni bapa ni 6. Jumla ni 83.6. Jumlisha na 727, ugawanye kwa 83.6: unapata 9.7 kwa 1. Ukitumia hedi za zamani zenye chemba ya 76, pistoni zile zile zinakupa 8.6 tu, na injini inakuwa imelala. Ukichonga uso wa bloku mpaka pistoni ilingane nao, unafika 10.3, ambayo kwa hedi za chuma na petroli ya kawaida ya vituo vya mafuta ni kutafuta injini inayogonga. Kwa hedi za chuma mimi hukaa karibu na 9.5, za alumini hustahimili hadi 10.5 kwa petroli ya daraja la juu.

Hatua ya sita: kamshafti iwe ya mwisho

Kwa gari tuliloeleza, kamshafti yenye digrii 214 hadi 224 (muda wa valvu kuwa wazi, ukipimwa tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050) inatosha. Ukisita kati ya mbili, chukua ndogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mzee. Malibu yangu ina 307 yake ya kiwandani. Kwa nini nisiunde hiyo hiyo?

Jibu: Marahaba. Unaweza, na itatembea. Lakini silinda yake ni nyembamba, inchi 3.875, kwa hiyo valvu kubwa zinabanwa na ukuta, na wachonga vyuma watakutoza sawasawa na 350. Ifungie vizuri, uitie oili, uiweke chini ya benchi. Siku ukiuza gari, mnunuzi ataiulizia.

Swali: Fundi, nimeshauriwa nitie krankshafti ya 400 kwenye bloku ya 350 ili nipate 383. Gharama inastahili?

Jibu: Kama krankshafti yako ya 350 imekwisha na unanunua mpya, ndiyo, kwa sababu tofauti ya bei inakuwa ndogo na mvuto wa chini unaongezeka sana. Zingatia mambo mawili. Konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti) hukaribia sehemu ya chini ya bloku na pia kamshafti, kwa hiyo lazima uizungushe kwa mkono na kupima nafasi kabla ya kufunga. Vilevile seti nyingi za 383 husawazishwa kwa uzito ulio kwenye puli ya mbele na flaiwili, si ndani ya krankshafti kama 350 ya zamani.

Swali: Mimi nina Mustang ya 1967 yenye 289, nataka kuweka 5.0 ya mwaka 1990. Somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu, kaka, isipokuwa hatua ya nne ina mtego wake kwenu. Injini ya 302 ilisawazishwa kwa uzito wa aunsi-inchi 28 hadi mwaka 1981, kisha ikawa 50. Ukichukua flaiwili na puli ya 289 yako ukazifunga kwenye 5.0, gari litatetemeka mpaka beringi ziishe. Nunua vipande vya 50.

Swali: Je, injini za zamani haziharibiki kwa petroli isiyo na risasi?

Jibu: Viti vya valvu vinaweza kulika kwenye injini inayofanyishwa kazi nzito. Wakati hedi ziko kwa wachonga vyuma, waambie watie viti vigumu na jambo hilo limekwisha. Ninachokiogopa zaidi ni oili. Tapeti bapa (zisizo na rola) huhitaji zinki, na oili nyingi za magari ya kisasa zina kiasi kidogo. Tumia oili yenye zinki ya kutosha, na siku ya kwanza injini isiachwe ikinguruma polepole: iwake na kukaa kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30. Ndiyo maana nazipenda rola.

Swali: Gari langu ni SS halisi na injini yake ya asili ipo. Nataka kuiunda upya. Kuna jambo la kuangalia?

Jibu: Lipo moja, dada, na halirekebishiki. Mbele ya bloku, upande wa abiria, chini kidogo ya hedi, kuna sehemu bapa iliyogongwa alama za injini, na bloku yako ina namba iliyotokana na ya gari lenyewe. Uso wa bloku ukichongwa kwa mashine, sehemu hiyo huchongwa pamoja nao na alama zinafutika. Zipige picha leo, kisha uandike kwenye karatasi ya kazi, kwa herufi kubwa, kwamba uso usichongwe bila ruhusa yako. Karatasi hiyo uisaini pamoja na fundi kabla bloku haijashuka kutoka kwenye gari.