Somo: Kabla hujaposti mkono wa bi harusi

Wapambaji wenzangu, wachoraji wa hina na wauza madera wa Mombasa, somo hili nimeliandika baada ya kukosea mimi mwenyewe. Nilimchora bi harusi Mji wa Kale, nikapiga picha ya mkono peke yake, nikaiposti kutangaza kazi. Sikuona kwamba nyuma ya mkono kuna kioo cha meza, na ndani ya kioo bi harusi yuko kichwa wazi. Saa sita usiku akanipigia analia. Niliitoa picha, lakini ilikuwa ishazunguka. Kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao, aliniamini. Nilivunja amana, na sheria pia.

Hatua ya kwanza, na ndiyo kubwa: idhini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila yeye kukubali waziwazi, na picha yake ni taarifa zake. Usitegemee maneno ya mdomo, maana kukizuka kesi ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba alikubali. Mimi sasa hutuma WhatsApp kabla ya kushika hina:

“Naomba ruhusa kuposti picha ya mikono yako Instagram na TikTok, bila uso wala jina. Huenda nikailipia iwe tangazo. Ukibadili nia niambie, nitaitoa.”

Akijibu, jibu nalihifadhi. Kisha naikuza picha na kuitazama pembe kwa pembe: kioo, aliyeketi kando, hata jina la bwana harusi lililofichwa ndani ya maua ya hina. Jina hilo lamtambulisha mtu. Kwa aliye chini ya miaka 18, mwenye kuidhinisha ni mzazi au mlezi.

Msidhani ni vitisho. Mwaka 2023 Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo, aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za wanafunzi.

Hatua ya pili: maneno. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, ikiwa na PPD, kemikali ya rangi za nywele, usiiandike “hina ya asili”. Nimeona kiganja kimevimba malengelenge kwa sababu ya piko. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 yakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Na mkono uliochorwa na mwenzako usiuite kazi yako.

Hatua ya tatu: namba. Mtu aliyekupa namba kwa ajili ya miadi hajakuruhusu kumtumia ofa za Idi. Muulize kwanza, na kila tangazo liwe na njia rahisi, ya bure, ya kujitoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Likoni: Dada, mteja alikubali, sasa ameolewa na mume ataka picha itolewe. Nifanyeje?
Jibu: Shoga, idhini ni ya mteja, muulize yeye. Akisema toa, toa siku hiyo hiyo. Ana haki ya kubadili nia wakati wowote. Ulivyoitumia awali kwa ruhusa yake si kosa.

Kongowea: Mie nauza kwenye kundi la WhatsApp tu, sina hata duka. Yanihusu?
Jibu: Yakuhusu. Biashara ndogo nyingi, zenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna. Hazikusamehewa kuomba idhini.

Bamburi: Mwenye duka la madera hunilipa nimtangazie TikTok. Lazima niseme nimelipwa?
Jibu: Sema, mwanangu. TikTok yenyewe ina kitufe cha kuonyesha kwamba video ni tangazo, kiwashe kabla ya kuposti. Na usishangae akikukata asilimia 5: ni kodi ya zuio kwa maudhui ya mtandaoni, ilianza Julai 2023. Mwambie akupe cheti cha makato, utakihitaji ukijaza ritani ya kodi ya KRA, mamlaka ya ushuru.