Namna ya Kuishikiza Lami Juu ya Zege

Lami iliyoshikana na zege hubeba mzigo pamoja nalo. Zikiachana, kila tabaka hupinda peke yake, upande wa chini wa lami huvutwa, na pale magari yanapofunga breki, kama kwenye vituo vya daladala, hutokea nyufa zenye umbo la hilali.

Hatua ya kwanza ni kukwangua zege. Ule ukoko mlaini wa saruji unaobaki juu baada ya kumwaga, pamoja na dawa iliyopuliziwa kuzuia zege lisikauke haraka, sharti viondolewe hadi kokoto zianze kuonekana, kwa kuwa lami itashika ukoko huo nao utabanduka.

Hatua ya pili ni vumbi, na hapa ndipo kazi nyingi za Arusha huharibikia. Udongo wetu wa majivu ya volkano una chembe ndogo mno, hivyo fagio pekee huuhamisha tu. Fagia, kisha puliza kwa kompresa kuelekea upepo unakokwenda, halafu pitisha kiganja. Kikitoka na vumbi, rudia. Ukiosha kwa maji, acha zege likauke.

Hatua ya tatu, nyunyiza lami ya maji, yaani lami iliyochanganywa na maji, ambayo ndiyo gundi ya matabaka haya mawili. Ikiwa asilimia 60 yake ni lami halisi, lita 0.5 kwa mita moja ya mraba huacha takriban kilo 0.3, kiasi ninachokianzia kwenye zege lililokwanguliwa. Tandaza kitambaa kilichopimwa uzito, chenye pande za sentimita 50, gari la kunyunyizia lipite juu yake, kisha ukipime papo hapo: kiongezeke gramu 125 hivi. Mtu akiongeza maji kwenye tangi ili lami ienee zaidi, kipimo hicho hakitamfichua, kwa hiyo simamia tangi lenyewe. Kuzidisha nako ni kosa, maana lami iliyozidi hugeuka utelezi kati ya matabaka.

Hatua ya nne ni kungoja rangi ya kahawia ya lami hiyo ya maji igeuke nyeusi yote. Asubuhi za Julai, baridi ya Mlima Meru huchelewesha jambo hili, na msimamizi mwenye haraka huruhusu malori yapite mapema, yakaondoka na lami kwenye matairi.

Mwisho, mwaga lami ya moto na uishindilie kabla haijapoa. Baada ya siku kadhaa kata kipande cha duara hadi ndani ya zege; kikitoka vipande viwili, chunguza sehemu kilipoachana. Ukiona vumbi, kosa lilikuwa hatua ya pili.