Namna ya Kupima Mwendo wa Ufuo wa Malindi kwa Miongo ya Miaka

Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi, huteremsha udongo na mchanga mwingi kutoka bara; msimu wa kaskazi mikondo huusukuma mzigo huo kuelekea mjini, na kusi ikishika huupeleka upande wa Mambrui, kaskazini mwa mto. Kwa hiyo atakayepima leo na kurudi baada ya miezi sita atakuta tofauti isiyomweleza lolote kuhusu miaka thelathini. Pima mwezi uleule kila mwaka.

Kwanza tafuta alama isiyohama. Mnazi haufai, wala ukuta uliojengwa juu ya mchanga. Chagua mwamba wa matumbawe au jengo la kale lililo imara, lililo mbali kidogo na mawimbi, kisha upime kwa utepe masafa yake kutoka alama nyingine mbili, ili moja ikipotea zilizobaki ziweze kuonyesha ilipokuwa. GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, nayo isitegemewe peke yake.

Kutoka kwenye alama hiyo fuata mwelekeo mmoja wa dira hadi ukingo wa mimea, uandike umbali. Wengi hupima hadi maji yalipofika, na kwangu hilo ndilo kosa linaloharibu kazi kuliko yote: ufuo ukiinama mita 1 kwa kila mita 50, nusu mita ya kimo cha maji husogeza ukingo kwa mita 25, ilhali kimo cha maji kujaa hutofautiana zaidi ya hapo kati ya bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu (siku za maji madogo).

Kwa miaka iliyokwisha kupita, tumia picha za setilaiti, ambazo hutolewa bure. Za Landsat zenye pikseli (nukta moja ya picha) ya mita 30 zipo tangu 1984, na za Sentinel-2, zenye pikseli ya mita 10, tangu 2015. Kabla ya kuchora ukingo, hakikisha kwamba makutano ya barabara za zamani yanaangukia mahali pamoja katika picha zote. Picha mbili za Landsat, kila moja ikiwa na shaka ya pikseli moja, huleta shaka ya jumla ya mita 42 hivi (si 60, kwa kuwa hujumlishwa miraba ya shaka hizo, kisha hutafutwa kipeo cha pili). Kwa miaka 30 hiyo ni mita 1.4 kwa mwaka, na badiliko lililo dogo kuliko hapo lisitangazwe.

Wavuvi wazee nao waulizwe, si kwa kutajiwa mwaka, bali kama ukingo ulikuwa pale kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997.