Bingwa wa taekwondo anapoanza kufundisha

Kosa la kwanza la bingwa aliyegeuka kocha ni kuonyesha teke kwa kasi ya mashindano. Mwanafunzi haoni kitu. Livunje dollyo chagi, yaani teke la mzunguko, vipande vinne: inua goti mbele likiwa limekunjwa, geuza mguu wa kusimamia mpaka kisigino kielekee shabaha, kunjua goti upige, kisha ukunje tena kabla ya kushusha. Kipande cha pili ndicho cha kusimamia kwa ukali. Unyayo ukiganda chini, goti hubeba msokoto wote, na hapo ndipo vijana wengi wenye kipaji huumia. Mwanafunzi arudie mara 10 kila upande, polepole, ameshika ukuta, ndipo umpe pedi ya kupigia mateke.

Ukifundishia Mombasa, joto lina unyevu, jasho halikauki upesi. Fundisha asubuhi mapema au baada ya alasiri, wape maji kila dakika 15, na ufute mkeka, ukilowa unateleza.

Hesabu ya pointi za mashindano waijue mapema: ngumi kifuani 1, teke la kawaida kifuani 2, kichwani 3. Kwa watoto wanaoanza, mateke ya kichwa yasubiri.